Vitanda Vilivyonyamaza

Tulimwita Mama Pasi kwa sababu hakuweza kuona kazi iliyokunjamana akaipita. Jina la faili likiwa bovu atalibadilisha, mistari ikizidi ataipunguza, na wewe mwenye kazi yako utaikuta imenyooshwa mpaka huijui tena. Nimemfokea mara ngapi! Yeye hucheka tu: "Mdogo wangu, wewe umezoea fujo." Lakini kazi anaijua, na hana mchezo nayo. Kampuni yetu ndogo inatengeneza programu za vitanda vya kuwapasha joto watoto wachanga, na siku zile alikuwa na sababu yake mwenyewe ya kuwa mkali: mjukuu wake wa kwanza alizaliwa njiti, akalazwa kwenye kimojawapo cha vitanda vyetu. Kila mchana alikwenda kumwona, akirudi anatusimulia jinsi "mume wake" alivyomshika kidole.

Mchana mmoja simu ikalia. Alikuwa muuguzi wa wodi hiyo hiyo. Nikaweka spika.

"Jamani, kengele ya kitanda kimoja hapa inanitoa roho," alisema. "Mtoto katimiza miezi yake, hana shida yoyote. Nikiinyamazisha inaanza tena. Na niko peke yangu, mwenzangu kaitwa chumba cha upasuaji."

"Izime tu, sista," alisema mkubwa wetu wa kazi. "Asubuhi tumeweka toleo jipya, tutaliangalia."

Mama Pasi alikuwa ameshainuka. "Inalia kwenye joto gani?"

Muuguzi akataja. Kiwango kile nilikiweka mimi, tena kwa ajili ya vitanda vya njiti. Wodi yenyewe ndiyo iliyoomba kengele ya njiti iwahi kulia, kwa kuwa joto likizidi kidogo tu wanaumia. Kimefikaje kwa waliotimia?

Hapa lazima nieleze. Kazi zetu tunazihifadhi kwenye mtambo unaotunza kila toleo na kuunganisha ya huyu na ya yule. Ukibadilisha jina la faili, mtambo hauandiki popote kwamba umelibadilisha. Unaona tu jina moja limetoweka na mengine yamezuka, basi unalinganisha yaliyomo, na linalofanana zaidi na lililotoweka unasema ndilo lenyewe. Ni kukisia tu. Ila hupatia mara nyingi, hata tumesahau kwamba unakisia.

Sasa tazama alichofanya Mama Pasi. Faili la njiti liliitwa "joto", basi. Vilipokuja vitanda vya waliotimia, alilinakili karibu neno kwa neno, likawa faili lao. Kisha lile la zamani akalipa jina jipya, "njiti", na kwa vile pasi ilikuwa bado ya moto, akaliandika upya juu mpaka chini. Yote kwa mkupuo mmoja. Mimi kwenye kona yangu nilikuwa bado na "joto" la zamani, nikashusha kiwango humo. Kazi zetu zilipounganishwa, mtambo ukalitafuta "joto", ukalikosa, ukaona linalofanana nalo zaidi ni la waliotimia, ukayapeleka marekebisho yangu huko, na vitanda vya njiti vikabaki na kiwango cha juu cha zamani. Haukulalamika hata kidogo. Majaribio nayo yalipita, maana hakuna kati yetu aliyekuwa ameandika jaribio la kiwango kipya.

Mama Pasi hakuhitaji kufungua kompyuta.

"Sista, hicho kinacholia kiache. Nenda kwa njiti, kwenye vilivyonyamaza. Mpime kila mtoto kwa mkono wako, usiamini kitanda."

"Feni ya huko imekufa tangu asubuhi," alisema muuguzi, na sauti yake sasa ilikuwa na hofu. "Bibi, wa kwako yuko mwisho kabisa, dirishani. Nianze naye?"

Sote tulimtazama. Alikuwa ameshika ukingo wa meza, kijasho chembamba kinamtoka juu ya mdomo. Ningekuwa mimi ningesema ndiyo, tena kwa kupiga kelele.

"Anza na wa mlangoni," alisema. "Usimruke yeyote."

Simu ikaachwa mezani kule wodini. Tukabaki tunasikia kengele ile ile ya mtoto mzima. Nilikaa kurekebisha faili la "njiti", vidole vinabonyeza kusiko.

"Ni mimi," alisema Mama Pasi taratibu. "Ningebadilisha jina tu, nikasubiri muunganishe, ndipo niandike upya, mtambo ungelijua."

Nilitaka kumlaumu na nilitaka kumkumbatia, nikashindwa vyote viwili. Kwa mbali muuguzi akapaza sauti kwamba wa mlangoni yuko salama. Wa pili salama. Aliyefuata naye salama. Kisha tukasikia viatu vinakimbia, kitu cha chuma kikaanguka, halafu hakuna neno. Mkubwa wetu alifumba macho. Mama Pasi hakufumba.

Simu ikanyakuliwa.

"Bibi, wako ndiye aliyechemka. Nimemtoa, nampepea, joto linashuka. Samahani, hatusikilizani kwa kilio chake, ngoja kwanza nimtulize."

Mama Pasi aliinama mpaka sikio lake likagusa simu.

"Mwache alie," alisema. "Mwache, nimsikie."