Nani Ameniuliza?

Mwaka wa tisini na sita, pale Kamenu, mtaa wa Thika, fundi wa kushona sare za shule aliyeitwa Nzisa alishinda siku nzima akicheka peke yake juu ya cherehani. Wateja wakauliza kulikoni. "Alhamisi nasafishwa!" akawaambia, bila haya yoyote.

Na angekosaje kufurahi? Miaka mitatu damu yake ya mwezi ilikuwa haikomi hata baada ya siku kumi, tena mabonge kwa mabonge. Sketi zake zote zilikuwa nyeusi. Kwenye kiti aliweka leso iliyokunjwa mara nne, na kanisani alikaa nyuma kabisa karibu na mlango. Sasa daktari wa kliniki moja Ruiru alikuwa amembonyeza tumbo, akasema kuna uvimbe kwenye kizazi, "tutakusafisha." Basi. Na kila mwanamke Kamenu anajua kusafishwa ni nini: unaingia asubuhi, unakwanguliwa kidogo ndani, jioni uko kwako unapika.

Alhamisi ikafika. Nzisa yuko kitandani kwa gauni la kijani la kliniki, roho juu kwa furaha, nesi akaja na fomu ya Kiingereza. Chini palikuwa na sahihi tayari, ya mumewe Munyao. Nzisa akaweka kidole kwenye neno moja refu. "Sista, hili linasema nini?"

"Kutoa kizazi, mama."

Woi! Alivyoruka, kitanda kiligonga ukuta. "Kizazi? Nani ameniuliza?" Daktari akaja, akamwambia ana miaka arobaini na tatu na watoto wanne, anakitakia nini tena? Hebu niambieni, hayo ni majibu? Nzisa alivaa nguo zake akatoka, Munyao nyuma yake akijitetea kwamba aliambiwa aweke sahihi tu, naye akaweka.

"Baba Ndinda, mimi hata kaptura ya mtoto wa shule siitii makasi kabla sijamuuliza mamake! Hawa wanataka kukata mimi!" Alichemka hivyo njia nzima mpaka Thika.

Wiki iliyofuata alienda hospitali ya pale Thika, kwa Daktari Mumbi, mama wa makamo mwenye miwani. Daktari alimpima damu na tumbo, kisha akafanya jambo ambalo Nzisa hakuwahi kufanyiwa: akavuta kiti, akachora kizazi nyuma ya bahasha, na uvimbe ndani yake, mmoja mkubwa na mwingine mdogo. Akaanza kueleza. Kuna vidonge vya kupunguza damu siku zenyewe. Kuna dawa za homoni, za kumeza au sindano, ingawa wengine huwavurugia mwezi. Kuna kutoa uvimbe peke yake kizazi kibaki, lakini uvimbe unaweza kuota tena. Kuna kutoa kizazi: damu inakwisha kabisa, na kuzaa pia, na ni operesheni kubwa yenye hatari zake. Au kungoja tu mpaka mwezi ukome wenyewe.

Nzisa naye akafunguka! "Nikitolewa nitanenepa? Nitazeeka haraka? Na mambo ya chumbani je?" Daktari akacheka, akajibu moja moja. Foleni nje ikaanza kunung'unika, Nzisa bado anauliza. Alitoka amechangamka kama anayetoka harusini, bahasha mkononi, akaionyesha mpaka kwa muuza mboga.

Alianza na vidonge, pamoja na vile vya kuongeza damu mwilini. Miezi mitatu. Nguvu zilirudi, lakini leso haikutoka kitini. Akafikiria, akaitazama bahasha, akafikiria tena. Ndipo akarudi kwa Daktari Mumbi akamwambia amechagua.

Siku ya kutia sahihi, Munyao alinyoosha mkono apokee kalamu, kwa mazoea. Daktari akampita, akampa Nzisa. Kisha akawasomea fomu kwa Kiswahili, neno kwa neno, na Munyao akashtuka.

"Kutoa kizazi? Mama Ndinda, si ndicho ulichokataa Ruiru? Zile kelele zote zilikuwa za nini?"

Nzisa alikuwa ashaandika jina lake, kubwa, mpaka likavuka mstari.

"Kule walikuwa wanakichukua, baba Ndinda. Hapa nakitoa mimi."