Familia Isiyohama

Leo lifti ilinuka mafuta ya haradali, nikajikuta nimepita ghorofa yetu.

Nilikuwa mdogo, nimetoka Kenya juzijuzi tu kuja huku kwa Waarabu na kumwacha nyanya. Mama akienda kulinda mlango wa supamaketi, nilikaa kwa jirani yetu Mbengali. Nilimwita Anti. Alinikaangia samaki kwa mafuta hayo, kisha tukatazama filamu yake ya zamani isiyo na rangi. Mto umekula shamba, familia inahamia jijini kutafuta kazi. Baba anafunga godoro kwa kamba, watoto wanapanda mkokoteni, nyanya yao anabaki mlangoni.

Hapo nililia. Lugha yao sikuijua, lakini mlango ule niliuelewa.

"Khalas, basi, usilie," Anti alisema, akichanganya Kiarabu cha huku na Kiswahili alichofundishwa na mama. Akairudisha filamu nyuma, mpaka pale wote wanapokula wali pamoja. Ikawa hivyo kila siku. Jijini hatukufika hata mara moja.

Mama akija kunichukua aliuliza, "Hao watu wenu wamefika wapi?"

"Bado wako kwao."

"Ai! Na mizigo si walishafunga?"

Anti alisharudi kwao. Jioni hii nimeipata filamu ile kwenye simu, ikiwa na maandishi ya Kiingereza. Mkokoteni ulipofika mlangoni, mama naye akaingia na sare yake ya kazi, akachungulia.

"Wamefika wapi?"

Nikairudisha nyuma. "Bado wako kwao."

Akaketi kando yangu bila kuvua viatu.