Mkaanga Kitimoto Asiyeonja

Bango la kliniki linatamka rasmi kwamba mtu mwenye lehemu nyingi kwenye damu atabadili mwenendo wake kwa hiari yake mwenyewe. Mkaanga kitimoto wa Mlandege, aliyeonywa mwaka jana kuhusu kiharusi, sasa anakaanga bila kuonja. Akigeuza nyama hiyo ya nguruwe, mkono hupanda na kipande hadi kidevuni, husita hapo kidogo, kisha humgeukia mteja. “Onja wewe, mjomba. Mimi nashiba harufu.” Yeye hula maharage na mboga za majani, jioni humeza kidonge, na kazini huja kwa miguu akihema, wateja wakimwuliza kama treni ya Zambia siku hizi inapita Iringa. Leo amerudi kutoka kliniki na karatasi ya majibu, akaniomba mimi mteja wake niisome mara mbili. “Imeshuka kweli?” “Imeshuka, baba. Ila vidonge wamesema uendelee.” Akaketi juu ya gogo la kukatia nyama, akajifuta uso kwa aproni, akacheka bila sauti. Nikampongeza kwa kutembea kila siku. Pikipiki yake, mkewe alimwazima kaka yake mwenyewe wa Ruaha Mbuyuni tangu Januari, na siku ya kuirudisha ndugu hao hawajaitaja.