Kampuni ya Nne ya Adeer Yarow

Adeer Yarow, yaani ami Yarow kama sisi Wasomali tunavyowaita wazee, alinichosha, wallahi. Huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili nikiuza bima mjini Garissa. Nimewauzia wenye malori na wenye maduka, na nimewahi kukaa asubuhi nzima na mtu wa Hulugho aliyetaka kuwakatia bima ngamia wake wote, mmoja mmoja, kwa majina. Lakini mteja wa kunitoa jasho kama yule mzee sijampata tena.

Bima ya gari lake ilikuwa inakwisha Desemba. Yeye alianza kuja Novemba. Anaingia ofisini, anatoa salamu ndefu, anavuta kiti cha plastiki hadi chini ya feni, anavaa miwani na kufungua daftari. "Fosia, abaayo, dada yangu, tuanze," ananiambia, kama vile siku nzima sina kazi nyingine. Ana gari moja, Probox ya rangi ya majivu, na nyumba moja ya vyumba vitatu mtaa wa Galbet. Ungemsikia akiuliza maswali ungedhani anamiliki nusu ya mji.

Kampuni alizozilinganisha zilikuwa tatu. Ya kwanza ni ile ya ghorofani, juu ya benki. Bei yake kwa gari ilikuwa ya chini kuliko zote, lakini simu yao inaita mpaka inakata. Alikuwa ameihesabu kwa saa ya mkononi: dakika nane. Ya pili ni ile ya mlango wa kijani. Hao wanapokea mara moja, wana adabu, ila bima yao ya nyumba inafidia moto tu, na mafuriko hawataki kuyasikia. "Mto Tana hawaujui hao?" aliniuliza kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyewaandikia masharti. Ya tatu ilikuwa yangu, takaful, bima ya Kiislamu. Bei ya kati, moto na mafuriko vyote ndani, na sheikh ameikubali. Mtu mwenye akili zake angeamua kwa nusu saa. Adeer Yarow alichukua wiki tatu.

Tena akafanya kituko. Alipiga simu makao makuu ya kila kampuni kule Nairobi akijifanya gari lake limeungua, apate kuona watamhudumia vipi. "Yule dada wa kampuni yako alinipa pole mara mbili," aliniambia akitabasamu. "Akaniuliza kama nimekula." Nilicheka hadi machozi. Sikujua kwamba kuna siku zilizopita bila mtu mwingine yeyote kumuuliza kama amekula. Ningejua, nisingecheka.

Kwa kuwa nitamsema sana, acha nieleze alikuwa nani. Alizaliwa Takaba, kule Mandera, katika boma la ngamia, akasoma kwa shida, akawa karani wa ofisi ya mifugo. Miaka thelathini na mmoja alihamishwa huku na huku mpaka akastaafu hapa Garissa. Mke wake, Ramlo, alifariki mwaka ule ule walipomaliza kuezeka nyumba. Binti yao mmoja tu, Amran, yuko ng'ambo na watoto wake, anamtumia ujumbe wa sauti kila Jumapili. Basi. Familia yenyewe ndiyo hiyo.

Alikuwa na ukoo, ndiyo. Kwetu hakuna mtu asiye na ukoo. Watu wake wa Takaba walioko hapa mjini ni kama wanaume sitini, na mkubwa wao ni Abdullahi, binamu yake, anayeuza vyakula vya jumla. Hao wana qaaraan, mchango wa ukoo. Dereva wao akiangusha lori Wajir, wanachanga. Mgonjwa wao akipelekwa Nairobi, wanachanga. Mtu wao akimuumiza mtu wa watu wengine, wanachanga, na wazee wao wanakwenda kuomba msamaha. Hivyo ndivyo tulivyoishi kabla ya mtu yeyote kufungua ofisi ya bima.

Siku moja nikaona ameongeza safu ya nne kwenye daftari. Juu yake ameandika: Ukoo.

"Adeer, hii nini?"

"Kampuni ya nne," akasema, uso mkavu kabisa. "Mwaka huu nimechanga mara kumi na moja, kwa watu ambao hata sura zao sizijui. Kwa miaka ishirini sijadai kitu. Na huduma yao? Nikiwapigia hawapokei. Wao hunipigia wakitaka mchango tu. Bei juu, huduma hafifu."

Hapa ndipo ninapojichukia. Ningeweza kumwambia, adeer, funga daftari hilo, ukoo hauwekwi kwenye hesabu hii. Nilikuwa najua. Nililelewa na bibi yangu, najua mambo haya kuliko wengi. Lakini mwezi ulikuwa mbaya, nilitaka akate bima mbili, ya gari na ya nyumba, na nikaona wazi anakoelekea. Nikasema, "Ni kweli, adeer. Kwa nini ulipe kitu kimoja mara mbili?"

Akanitazama juu ya miwani. Kisha akatia sahihi zote mbili.

Angenyamaza tu, aache kuchanga polepole kama wafanyavyo wajanja, pengine yasingemkuta. Lakini karani ni karani. Aliniomba kompyuta yangu akaandika barua ya kujitoa, ina nambari ya kumbukumbu, ina "Yahusu", ina "Nakala kwa". Alishukuru kwa ushirikiano wa miaka mingi, akaeleza kwamba kuanzia mwezi ule mahitaji yake yote ya dharura yatashughulikiwa na kampuni. Akaipiga chapa kwa mashine yangu. Abdullahi aliisoma mbele ya watu wote sitini. Nasikia hakuna aliyecheka.

Miezi mitano baadaye, asubuhi moja, adeer Yarow alikuwa akirudi nyuma na gari lake karibu na soko, akamgonga Weris, mama anayeuza maziwa ya ngamia kando ya barabara. Mitungi ilimwagika yote. Mguu wa Weris ulivunjika mahali pawili.

Mzee alimbeba mwenyewe hadi hospitali, kisha akanipigia. Nami, niseme ukweli, nilifanya kazi yangu siku ile hadi nikajivunia. Mkaguzi wa kampuni alifika siku ya tatu. Kabla wiki mbili hazijaisha tulikuwa na barua: kampuni inakubali dai, itagharamia matibabu, itamfidia Weris mapato aliyopoteza. Garissa nzima nionyesheni aliyewahi kupata huduma kama hiyo!

Nikaipeleka barua nyumbani kwa Weris mimi mwenyewe. Baba yake, mzee Sugow, aliisoma yote taratibu akanirudishia.

"Barua nzuri," akasema. "Watu wake wako wapi?"

Kwetu, gari likimgonga mtu, wazee wa upande wa dereva wanatakiwa wawe hospitali kabla jua halijatua. Wanakaa, wanatoa pole, wanasema mtu wetu amekosa. Pesa huja baadaye, hata baada ya mwaka, hakuna mwenye haraka nazo. Lakini watu wasipokuja, maana yake ni moja tu: mnatudharau. Wiki mbili zilikuwa zimepita na upande wa Yarow hajaonekana hata mtu mmoja zaidi ya Yarow mwenyewe, aliyekuwa akisimama kila jioni kwenye lango la hospitali na mfuko wa machungwa ambao hakuna aliyeupokea.

Sasa mambo yakawa magumu. Ndugu wa Weris wanaswali msikiti ule ule anaoswali yeye. Mzee akiketi, wao wanahamia safu nyingine. Siyad, kaka yake Weris, mtu wa hasira za karibu, alisema hadharani kwamba akiiona ile Probox barabarani ataivunja vioo. Adeer Yarow akaliegesha gari, akawa anaswali nyumbani. Alichokuwa anakitaka kilikuwa kimoja tu, asamehewe, aweze kutoka nje ya lango lake kama watu.

Akaenda kwa Abdullahi. Nilimpeleka mimi, nikabaki mlangoni mwa duka kati ya magunia ya mchele, nikasikia yote.

"Njooni nami," alimwambia binamu yake. "Hata watu watano. Pesa sitaki, pesa ipo. Mje mkae tu."

Abdullahi hakupandisha sauti. Afadhali angefoka. "Yarow, ulituandikia kwamba una kampuni. Ipeleke kampuni."

"Nilikosea."

"Ulikosea kwa barua yenye nambari ya kumbukumbu. Niwaambie nini watu sitini niliowasomea? Kwamba mtu atoke wakati wa kutoa, arudi wakati wa kupokea?"

Mzee aliinama kuokota punje za mchele zilizoanguka sakafuni, akazirudisha kwenye gunia. Kisha tukaondoka. Ndani ya gari nilimwambia, "Adeer, nisamehe, mimi ndiye niliyekushauri." Akasema hapana, yeye ni mtu mzima. Hilo lilinichoma kuliko angenitukana.

Ijumaa iliyofuata, baada ya alasiri, alikwenda kuomba radhi bila mtu wake hata mmoja; mimi nilikuwa dereva tu. Alitangulia kutuma neno kwa mzee Sugow kwamba anakuja. Sugow akaita watu wake na akatandika mikeka miwili mirefu inayotazamana, kama desturi ilivyo, mmoja wa wenye kukosewa, mmoja wa wenye kukosa. Nikaenda upande wa wanawake, karibu na jiko. Mimi ni mwanamke, tena wa ukoo mwingine. Hata ningekaa kwenye mkeka ule nisingehesabiwa. Weris alikuwa amelazwa chumbani mguu ukiwa kwenye plasta, dirisha wazi, anasikia kila kitu.

Mkeka wa Sugow ulijaa, wanaume ishirini na zaidi. Kwenye mkeka wa pili alikaa adeer Yarow, katikati, kanzu imepigwa pasi. Ulikuwa mkeka mrefu, jamani. Sijawahi kuona mkeka mrefu vile.

Alitoa salamu, akamwombea Weris, akasema amekosa. Alisema vizuri. Kisha akatoa barua ya kampuni akaiweka mbele yake. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Mzee Sugow akauliza, "Nani amekuja nawe?"

"Niko peke yangu."

"Huna watu?"

Adeer Yarow alitikisa kichwa tu, na ndevu zake zikatikisika. Mtu aliyekuwa na jibu la kila kitu!

"Basi hatuwezi kupatana," akasema Sugow, na hakusema kwa ubaya. "Mtu mmoja hapatani na watu. Leo utaahidi, kesho utakufa au utahama, nani atasimama na neno lako? Nani atasema alikuwepo?"

Moto ulikuwa unalia chini ya sufuria ya pilau, na mwanamke aliyekuwa karibu nami akaacha kukoroga. Adeer Yarow akaanza kuinuka. Akaweka mkono chini kujisaidia. Nilitaka kukimbia nimshike na sikuweza.

"Kaa," akasema Sugow. Akageuka kwa watu wake. "Siyad. Na wewe Bishar, na Issack. Hamieni mkeka ule."

Siyad akaruka. "Upande wake? Baba! Amemvunja dada yangu!"

"Na mimi ni binti yangu. Nimesema hamieni. Mgeni hakai peke yake katika nyumba yangu."

Kutoka dirishani ikasikika sauti ya Weris, hafifu lakini wazi: "Siyad, nenda."

Wakavuka, watatu, bila kumtazama. Bishar akakaa kulia, Issack kushoto. Siyad akakaa mbali, mwisho kabisa wa mkeka, amenuna. Kisha Sugow akauliza upya, kwa mujibu wa desturi, kana kwamba hakuna kilichotokea: "Enyi mliokuja, mna neno gani?"

Anayejibu ni mmoja wa wanaume wa upande ule, si mwenye kosa. Bishar na Issack wakatazamana. Siyad akavuta pumzi, akasogea, akasogea tena mpaka bega lake likagusana na la mzee. Akamtazama baba yake mwenyewe usoni.

"Tumekuja kuomba radhi," akasema. "Mtu wetu amekosa."

Adeer Yarow alijifunika uso kwa shali. Alilia kwa sauti, kilio cha mtu aliyefiwa, mbele ya watu wote wale. Na hakuna mwanamume hata mmoja aliyemwambia nyamaza.

Walipatana kabla ya magharibi. Fatiha ikasomwa, barua ya kampuni ikapokelewa, pilau likaletwa. Wakati wa kula wale watatu walirudi kwao, kwenye sinia la ndugu zao, na yeye akatengewa sahani ya mgeni, safi, iliyojaa nyama. Alikula kidogo.

Nilimrudisha Galbet. Tulipofika alishuka, akashika mlango wa gari akiwa ameinama.

"Abaayo, yule kijana aliyesema 'mtu wetu'. Mama yake ni wa watu gani?"

"Sijui, adeer. Kwa nini?"

"Pengine tuna udugu upande huo," akasema. "Nitaulizia."

Akasubiri kidogo, labda nimwambie inawezekana. Nikamwambia inawezekana. Akafungua lango, akaingia.