Spika ya Mama Riziki

Harufu ya risasi ya kulehemu nyaya ikiyeyuka bado hunishika kooni. Mwezi huu naunda kompyuta ndogo isiyo na skrini, ya kutosha kiganjani, ili mpiga kinanda wa kwaya yetu apate sauti zote za ogani palepale ibada ikiendelea. Haina cha kutazama; ukiiwasha, unangoja sauti tu. Nimeijaribu mara nyingi kuliko inavyohitajika, na kila inapochelewa kuitika namkumbuka Mama Riziki.

Alikuwa jirani yetu pale Rumonge, kando ya ziwa, Mkongomani wa upande wa Uvira, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Vita vilipofika vilima vya juu yetu, mwanawe Riziki alivuka ziwa na wakimbizi, hakurudi. Kila jioni redio ilisoma majina ya watu walioko kambini wakitafuta ndugu zao, na Mama Riziki aliinamisha sikio mpaka jina la mwisho.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mtaa mzima uliniita fundi, eti kwa kuwa niliwahi kufufua tochi. Spika ya gitaa la kwaya ilipopasuka, nilijigamba mbele ya wanakwaya kwamba Jumapili gitaa litalia. Spika sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni ufunguo wa Mama Riziki, aliouacha kwetu kila alipokwenda sokoni. Niliifungua redio yake kwa kisu cha jikoni, nikakata nyaya mbili, nikatoa spika, nikafunga tena kwa uangalifu mkubwa. Nilijiambia ni kwa siku chache. Nilijiambia mengi.

Jioni ile redio haikusema kitu. Yeye hakuwaza wizi. Aliwaza mawe, ndivyo tulivyoziita betri. Asubuhi aliyaanika kwenye mkeka mmoja na ndagala, akawa anayageuza moja moja kama samaki, ili jua liyarudishie nguvu. Kesho yake tena. Siku sita. Nilipopita nikienda shule nilimsalimu, amahoro, naye akaniuliza, kwa heshima anayopewa fundi, kama jua la leo litatosha. Nikajibu labda la kesho.

Jumapili gitaa lililia. Lakini spika ile ilikwaruza kwenye sauti nzito, na nilipoinua macho, Mama Riziki alikuwa ameacha kupiga makofi. Baada ya ibada alinikuta nakunja nyaya.

"Iko inakohoa sawa na redio yangu," alisema taratibu. "Wiki hii walisoma majina, mutoto wangu?"

Nikasema sijui.

"Hata mimi sijui. Basi rudisha. Na jioni uje tusikilize wote."

Niliirudisha siku ileile. Mama yangu hakuambiwa kamwe. Kwa karibu miaka miwili nilikaa kando ya Mama Riziki kila jioni, nikiamini natumikia adhabu, nikijiuliza itaisha lini. Riziki hakutajwa. Nilikuwa tayari nimemaliza chuo nilipoelewa kwamba hakuwa ananiadhibu: aliogopa kulisikia jina lile akiwa peke yake, na aliogopa zaidi kutolisikia akiwa peke yake. Kati ya watoto wote wa mtaa, alimchagua yule aliyemwibia.

Zile jioni sita, hakuna anayejua nani alitajwa. Kompyuta yangu ikikaa kimya, siulaumu umeme. Nafungua kifuniko kwanza, natazama nyaya mbili za spika.