Haragwe la Kila Mia

Mke wangu alipofariki tulimsomea tahlili, yaani "La ilaha illallah", mara elfu sabini, kama wazee wetu wa Mlali walivyozoea. Kila anayemaliza tasbihi moja ya mia anadondosha haragwe kikombeni. Yakidondoka mia saba, kisomo kimetimia.

Ukumbini tulikuwa wanaume kumi na watatu. Nikagawa maharage, hamsini na matatu kila mmoja, yakabaki kumi na moja mkononi. Nikagawa upya. Yakabaki yale yale.

Mjukuu wangu wa kike, ambaye marehemu ndiye aliyemlea tangu akiwa mchanga, alikuwa mlangoni na birika la kahawa. Wakati huo alikuwa kidato cha tatu.

"Babu, elfu sabini haigawanyiki kwa kumi na tatu. Ukiivunja mpaka mwisho, mbili zimo nne, tano zimo nne, na saba moja tu. Kumi na tatu haimo. Kumi na nne ndiyo imo, mbili mara saba. Kila mtu atapata hamsini kamili."

"Na huyo wa kumi na nne ni nani?"

"Mimi."

Jirani yangu akacheka. "Mzee, siku hizi ibada tunapangiwa na mwalimu wa hesabu?"

Wengine wakacheka naye, nami nikaona haya. Nikamwambia mtoto, "Nenda jikoni kwa wenzako. Hapa si darasani."

Akaweka birika chini, akaenda. Yale kumi na moja nikayasoma mwenyewe.

Nimefundisha madrasa karibu maisha yangu yote, namshukuru Mungu, na sijaona popote mjukuu akikatazwa kumsomea bibi yake. Nilimkataza mimi, kwa kuogopa kicheko cha jirani.

Sasa yuko chuo kikuu, anasoma hizo hizo namba. Likizo iliyopita alikaa nami ukumbini, tunachambua maharage yaliyoshushwa kutoka Mgeta. Nikamuuliza habari za elfu sabini. Uso ukamchangamka.

"Ina vigawanyo hamsini, Babu. Ukiiacha yenyewe ukajumlisha vingine vyote, unapata zaidi ya laki moja na elfu ishirini. Vipande vyake vinaizidi. Namba za namna hiyo tunaziweka kundi lao, namba zenye ziada."

"Alhamdulillahi," nikasema. Kisha nikasema, "Siku ile nilikukosea."

Akaacha kuchambua, mkono ukiwa ndani ya ungo.

"Nililisoma fungu langu la hamsini, Babu. Kule jikoni, huku napepeta mchele. Nilihesabu kwa vidole. Lakini shangazi walikuwa wananituma huku na huku, hesabu ikanipotea. Mpaka leo sijui kama bibi nilimtimizia."

Miaka yote hiyo alikuwa na shaka hiyo moyoni, na siku ile maharage ya kuhesabia yalikuwa mkononi mwangu.

Nikachukua kikombe. Nikatoa maharage hamsini kwenye ungo, nikayapanga mbele yake pamoja na tasbihi yangu. Akayahesabu tena mwenyewe, moja moja, ndipo akaanza.