Nywele za Dada
Mama wa maabara, ambaye wote tulimwita Mama Mizani, hakuanza kazi kabla hajampa mgeni glasi ya maji. Alikuwa na mikono mitulivu, jamani, kama ya mtu anayemnyoa mtoto aliyelala. Siku ile shemeji alinileta kwa gari lake, akabaki nje. Dada yangu, mke wake, alikuwa ameondoka nyumbani kwao mwaka mzima, ndivyo shemeji alivyotuambia, hadi maiti yake ikaokotwa mji wa mbali. Nilitaka kujua aliishi wapi. Mama Mizani akazikata nywele za marehemu vipande vidogo kama punje za mchele, akavipanga kutoka ncha hadi shina, kando ya chupa mbili: maji ya mji ule na maji ya kisima cha nyumbani kwake na shemeji.

"Nywele hutunza maji tuliyokunywa, mwanangu," alisema, kidole chake kikichora kona mezani. "Atomi za hidrojeni ni ndugu, ila baadhi zina nyutroni ya ziada. Mashine inazipa chaji, inazirusha, sumaku inazipinda. Zile nzito hazikati kona vizuri, kama mimi na magoti yangu. Maji ya kila mahali yana kiasi chake cha zile nzito."

Pampu ikavuma, naye akavuma nayo kama kawaida yake, kipande baada ya kipande. Kwenye kile cha shina, kilichoota wiki za mwisho za uhai wake, akaacha kuvuma, akasoma namba mara ya pili.

"Mji ule?" nikauliza.

"Vyote ni maji ya kisima. Hakuondoka nyumbani kwake." Akanisogezea glasi. "Kunywa, mwanangu. Usitoke kwanza."

Nje, shemeji akapiga honi.